Bei ya Kila Kilo

Tarehe 5 Machi 1988, katika mji wa Pesaro ulio pwani ya mashariki ya Italia, Mike McCallum wa Jamaika alipanda ulingoni akiwa hajawahi kushindwa katika ndondi za kulipwa. Alikuwa bingwa wa ngumi za mbavu. Wapinzani wake wengi walimaliza jioni wakiwa wameinama, viwiko vimebana ubavuni, wakitafuta hewa. Usiku huo alikabiliana na Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi, nchini Kongo, tarehe 10 Aprili 1956, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Baada ya raundi 12 waamuzi wote watatu walimpa Kalambay ushindi, naye akabaki na mkanda wa WBA wa uzito wa kati.

Kalambay hakushinda kwa kumzidi McCallum nguvu. Alishinda kwa mguu wa mbele na mkono wa kushoto: kuingia nusu hatua, kugusa, kutoka pembeni, na kumwacha mwenzake akipiga mahali ambapo mtu ameshaondoka. Alimpenda Muhammad Ali tangu ujanani na alichukua kwake namna ya kuzunguka ulingo. Katika mapambano 64 ya kulipwa alishinda 57, na 33 kati ya hayo yalimalizika kabla ya kengele ya mwisho. Kwa hiyo hakukosa uzito wa ngumi. Aliutoa kwa wakati wake.

Mji uliomzaa unaheshimu misuli. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa zaidi ya karne moja riziki yake imetoka katika kazi za kubeba, kuchimba, kuyeyusha na kupakia. Kijana wa mitaa yake ya Katuba, Kenya au Ruashi amekua akiwaona wanaume wanaoinua kwa mikono vitu ambavyo mahali pengine huinuliwa kwa mashine. Anapovaa glavu kwa mara ya kwanza, tayari anaamini kwamba mwenye kifua kipana ndiye mwenye ngumi nzito. Halafu anakutana na kocha wa zamani anayemwambia kinyume kabisa: achana na vyuma, vitakufunga mabega, utakuwa mzito kama mlango wa karakana. Kijana anabaki katikati, na mara nyingi anafanya yote mawili kwa siri, bila kumridhisha yeyote.

Mabishano haya ni ya zamani, na upande wa makocha una sababu zake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 karibu walimu wote wa ndondi, Marekani hadi Ulaya, waliamini kwamba chuma kinaufanya msuli kuwa mfupi na mzito. Mwaka 1951 watafiti wawili wa Marekani, Zorbas na Karpovich, waliamua kulipima jambo lenyewe. Waliwachukua wanaume 600, nusu wanyanyua vyuma na nusu wasionyanyua, wakawataka wazungushe mkono wa chombo maalumu kwa kasi yote waliyokuwa nayo. Wanyanyua vyuma ndio waliokuwa wepesi zaidi. Tangu hapo, hoja kwamba chuma chenyewe kinapunguza kasi ya mkono haijapata miguu ya kusimamia. Lakini kuzungusha mkono wa chombo kwa sekunde chache si kupigana raundi 12, na hapo ndipo makocha wa zamani walikuwa wameona kitu cha kweli, hata kama walikieleza vibaya.

Ili kukielewa, inafaa kuitazama ngumi yenyewe. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kisovieti wakiongozwa na Filimonov walipima mahali nguvu ya ngumi inapotoka. Kwa mabondia wa daraja la juu, miguu ilichangia takribani asilimia 38, mzunguko wa kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24 tu. Kwa mabondia wa daraja la chini hesabu iligeuka: mkono ulichangia asilimia 38, na miguu haikufika hata asilimia 17. Kuna somo kubwa hapo kwa kila kijana anayelala chali kwenye benchi akisukuma chuma kifuani. Anaongeza nguvu katika sehemu ambayo bondia aliyekomaa anaitegemea kidogo kuliko zote. Ngumi ni kama mjeledi: mpini ni kisigino kilichokita sakafuni, na ngumi yenyewe ni ncha inayolia.

Jambo la pili ni muda. Msuli wa binadamu unahitaji takribani theluthi moja ya sekunde, au zaidi, kufikia nguvu yake ya juu kabisa. Ngumi iliyonyooka inakuwa imeshafika kabla ya hapo. Kwa hiyo bondia hatumii kamwe nguvu zake zote. Anatumia sehemu ile anayoweza kuiwasha haraka. Mchimbaji anayepandisha gunia la madini kutoka shimoni ana nguvu za ajabu mgongoni na mapajani, lakini ni nguvu inayokuja polepole na kukaa kwa muda mrefu. Akivaa glavu anasukuma, hapigi. Mpe miezi ya kuruka, kurusha na kuzunguka kwa ghafla, na ile nguvu ya gunia itaanza kupata njia ya kutokea. Msingi anao, kilichokosekana ni kasi ya kuuwasha.

Ndiyo maana utafiti wa Loturco na wenzake wa mwaka 2016, uliofanywa kwa mabondia wa timu ya taifa ya Brazili, una maana kubwa kwa mjadala huu. Waligundua kwamba uzito wa ngumi uliendana sana na nguvu na kasi ya miguu katika kuruka na chuma mabegani, na vilevile na kasi ya kurusha chuma kutoka kifuani. Neno la kuzingatia ni kasi. Waliopiga kwa uzito ni wale walioweza kukisogeza chuma upesi, kikaruka mkononi.

Basi chuma kinasaidia. Kwa nini, hata hivyo, mabondia wengi wamekitumia na kuharibikiwa?

Jibu lipo kwenye mizani. Ndondi ni mchezo wa kilo, na kila kilo anayoiongeza bondia lazima ailipie: ailishe damu na hewa kila raundi, aibebe kila hatua, na ikiwa yuko karibu na kikomo cha uzito wake, aikaushe kwa njaa na kiu siku za mwisho. Msuli uliovimba na usioongeza kasi ya ngumi ni abiria asiyelipa nauli. Mwili hauna huruma naye. Unamchukulia hewa ileile ambayo miguu inaihitaji katika raundi ya nane.

Mfano wa wazi kuliko yote wa miaka ya karibuni ni Anthony Joshua. Tarehe 1 Juni 2019, huko New York, Mwingereza huyo mwenye mwili kama sanamu alipanda ulingoni akiwa na kilo 112 hivi, dhidi ya Andy Ruiz, mtu mnene wa kilo 121 ambaye wengi walimcheka kabla ya kengele. Ruiz alimwangusha mara nne na pambano likasimamishwa raundi ya saba. Joshua alikwenda kupunguza. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, Diriyah nchini Saudi Arabia, alirudi akiwa na kilo 108 hivi, akapiga ngumi ya mbele na kuondoka, akapiga na kuondoka, kwa raundi 12 nzima, akachukua tena mikanda yake kwa pointi. Mtu ni yuleyule, mkono ni uleule. Kilo nne na nusu hivi zilikuwa zimeshuka, na miguu ikawa imerudi. Si haki kusema kwamba misuli peke yake ndiyo iliyomwangusha New York, kwa kuwa ngumi ya Ruiz ilifika kichwani ilikotakiwa kufika. Lakini Joshua mwenyewe na kambi yake waliamua kubadili mwili, na uamuzi huo unazungumza.

Roy Jones anatoa mfano mkali zaidi. Machi 2003 alipanda kutoka uzito wa juu mwepesi hadi uzito wa juu, akamshinda John Ruiz akiwa na pauni 193, yaani kilo 87 na nusu. Ilikuwa kazi nzuri ya chakula na vyuma, na ushindi wa kihistoria. Kisha akataka kurudi chini. Novemba mwaka huo alikuwa tena kwenye pauni 175, baada ya kuzikausha zile pauni 18 za misuli, na Antonio Tarver akamsumbua mpaka mwisho ingawa Jones alipewa ushindi. Mei 2004 walipokutana tena, Tarver alimlaza katika raundi ya pili. Mtu ambaye kwa miaka 15 alikuwa haonekani anapopita hakuwa yule tena. Umri ulikuwa umeingia, ndiyo, alikuwa na miaka 35. Hata hivyo, kupanda kulikuwa rahisi kuliko kushuka, na bondia yeyote anayejenga mwili kwa ajili ya pambano moja anapaswa kujiuliza mapema atauweka wapi mwili huo baadaye.

Upande wa pili kuna waliofanya hivyo na kufaulu kabisa, na ni vizuri kuwaangalia kwa makini, maana siri haikuwa kiasi cha chuma. Septemba 1985 Michael Spinks, bingwa wa uzito wa juu mwepesi, alimshinda Larry Holmes ambaye alikuwa hajashindwa katika mapambano 48. Spinks alikuwa na pauni 200, Holmes zaidi ya 221. Nyuma ya Spinks alikuwapo Mackie Shilstone wa New Orleans, aliyempangia chakula na mazoezi ya mbio fupi za kasi badala ya mbio ndefu za asubuhi walizozizoea mabondia. Miaka michache baadaye Evander Holyfield alipanda kutoka uzito uliokuwa na kikomo cha pauni 190 hadi uzito wa juu. Lee Haney, mtu aliyeshinda taji la Mr. Olympia mara nane, alimsimamia vyuma. Tim Hallmark alimsimamia pumzi. Tarehe 25 Oktoba 1990, akiwa na pauni 208, Holyfield alimlaza Buster Douglas wa pauni 246 katika raundi ya tatu. Wasimuliaji wengi humtaja Haney na kumsahau Hallmark. Hilo ni kosa, maana bila pumzi zile pauni 18 mpya zingekuwa mzigo.

Hapo kuna jambo ambalo sayansi ililigundua mapema. Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha matokeo ya wiki 10 za mazoezi. Kundi moja lilinyanyua vyuma tu, jingine lilifanya mazoezi ya pumzi tu, la tatu lilifanya yote mawili kwa ukali uleule. Kundi la tatu liliongeza nguvu vizuri mpaka karibu na wiki ya saba au ya nane. Kisha nguvu zikasimama na kuanza kushuka. Pumzi zao hazikupungua. Bondia yuko katika kundi hilo la tatu maisha yake yote: anakimbia, anaruka kamba, anapiga begi, anapigana mazoezini. Akiongeza juu yake ratiba ya mjenga mwili, siku tano kwa wiki, seti juu ya seti mpaka mikono itetemeke, hatapata nguvu anayoitafuta na atafika kwenye mazoezi ya ulingoni akiwa amechoka. Mikono iliyochoka inashuka. Mikono ikishuka, kidevu kinabaki wazi.

Kwa hiyo chuma cha bondia lazima kiwe kichache. Inawezekana, kwa sababu nguvu za wiki za kwanza kwa sehemu kubwa hazitoki katika unene wa msuli. Zinatoka katika mishipa ya fahamu inayojifunza kuuamsha msuli wote kwa pamoja. Moritani na deVries walionyesha hivyo mwaka 1979. Mtu anayenyanyua uzito mkubwa mara tatu au nne tu, akapumzika vizuri, akarudia seti chache, siku mbili kwa wiki, anaweza kuongeza nguvu nyingi huku mizani ikisimama palepale. Anayenyanyua uzito wa wastani mara 10 au 12 mpaka achoke, na akala sana, ndiye anayevimba. Tofauti hiyo ndogo ya namna ya kunyanyua ndiyo inayoamua kama chuma kitakuwa rafiki au mzigo, na inasikitisha kwamba ndiyo isiyosemwa kabisa katika kumbi nyingi za mitaani, ambako vijana hupokezana ufito mmoja na kushindana nani atanyanyua mara nyingi zaidi.

Ufito wenyewe pia una hadithi yake. Mtaani chuma hakinunuliwi dukani. Ni bomba lenye ndoo ya saruji iliyomwagwa kila upande, na ndoo hizo mara chache hulingana. Upande mmoja ukizidi kwa kilo mbili, uti wa mgongo ndio unaolipa. Afadhali mfuko wa mchanga uliokumbatiwa kifuani katika kuchuchumaa, nyundo kubwa inayopigwa juu ya tairi kuukuu la lori, na jiwe linaloshikwa kwa mikono miwili na kurushwa mbele kwa nguvu za nyonga. Katika mji wa migodi matairi ya malori hayakosekani. Vitu hivyo vinafundisha mwili kuzunguka na kulipuka, jambo ambalo benchi ya kifua haiwezi kulifanya. Pushapu na kuning'inia kwenye mti vinatosha kwa mabega. Ali, kabla ya pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa mtu wa kupasua kuni kambini mwake.

Usiku huo wenyewe unastahili kutajwa hapa. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 yote, 37 kati yao bila kusubiri waamuzi. Hakuna bondia aliyekuwa na nguvu kama zake. Alizimwaga zote juu ya mikono na mbavu za Ali aliyeegemea kamba, katika joto la uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, na kufikia raundi ya nane alikuwa anatupa mikono ambayo haikuwa na kitu ndani yake. Ali akamwangusha. Foreman hakushindwa kwa sababu ya nguvu nyingi; alishindwa kwa sababu alizitumia kana kwamba hazina mwisho.

Kongo hiyohiyo imemtoa bondia ambaye maisha yake ni mjadala huu kwa umbo la mtu mmoja. Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga aliyejengea kazi yake Airdrie, Uskoti, chini ya kocha Billy Nelson, ni mkubwa kiasi kwamba hahitaji chuma kuongeza mwili. Agosti 2024, mjini Los Angeles, alimsimamisha Jared Anderson, Mmarekani ambaye alikuwa hajashindwa, katika raundi ya tano, na kilichowashangaza watu hakikuwa unene wake bali wepesi wa mikono yake. Februari 2025 aliitwa Riyadh siku chache tu kabla ya pambano, kuchukua nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alifika bila maandalizi, akiwa na zaidi ya kilo 140, na Joseph Parker alimmaliza katika raundi ya pili. Ni mtu yuleyule katika miezi sita, ila mara moja alikuwa na kambi nyuma yake na mara nyingine hakuwa nayo.

Kuna mahali pamoja ambapo mwandishi huyu angependa kila bondia wa Lubumbashi aongeze nguvu bila kusita, napo ni shingoni. Kalambay analo la kusema tena hapa. Tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, mkono wa kushoto wa Michael Nunn ulimkuta kidevuni naye akalala kabla dakika moja na nusu hazijatimia. Ngumi ile ilikuwa kamili, na pengine hakuna shingo ambayo ingeihimili. Hata hivyo, ngumi nyingi si kamili. Zinagonga, kichwa kinarushwa, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na hilo hurudiwa mara mia mazoezini bila mtu kulipigia kelele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wanariadha zaidi ya 6,700 wa sekondari nchini Marekani, ulikuta kwamba kila pauni moja ya nguvu za shingo iliendana na upungufu wa asilimia 5 katika uwezekano wa kupata mtikisiko wa ubongo. Hao hawakuwa mabondia, walikuwa wachezaji wa soka, mpira wa kikapu na lakrosi. Lakini ubongo ni ubongo. Mazoezi ya shingo hayagharimu chochote: kiganja cha mwenzako kwenye paji la uso, unasukuma bila kichwa kusogea, kisha kisogoni, kisha pande mbili.

Chakula nacho kina kauli. Ili msuli upone, mtu anayefanya mazoezi mazito anahitaji karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa bondia wa kilo 63, hiyo ni gramu 100 hivi. Bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, vinashibisha, lakini havifiki hapo bila maharage, samaki wakavu, mayai au karanga kuongezwa. Kijana anayekula mara moja kwa siku asilazimishwe ratiba ya vyuma aliyoiona kwenye simu ya mtu wa Miami. Atavunja mwili bila kuujenga, na jioni hatakuwa na kitu cha kumpa mwenzake ulingoni. Kwake, kikao kimoja cha nguvu kwa wiki na usingizi wa kutosha ni mazoezi ya kutosha.

Wazazi wengi huogopa pia kwamba vyuma vitamzuia mtoto kurefuka. Hofu hiyo haina ushahidi, ilimradi kijana anafundishwa umbo sahihi, anaanza na uzito mdogo, na mtu mzima yupo pembeni. Kinachoumiza watoto ni chuma kinachoangushwa na mashindano ya kujionyesha.

Kocha anayetaka kujua kama chuma kinamfaa bondia wake hahitaji maabara. Anahitaji daftari, mizani na saa. Kila Jumatatu asubuhi ampime uzito kabla hajala. Kila Ijumaa ampe raundi sita za begi na ahesabu ngumi anazopiga katika dakika ya mwisho ya raundi ya kwanza na ya raundi ya sita. Uzito ukisimama na ngumi za raundi ya sita zikiongezeka, aendelee. Uzito ukipanda huku hesabu ya raundi ya sita ikishuka kwa wiki mbili mfululizo, apunguze seti nusu na aangalie tena. Na zikibaki siku 10 kabla ya pambano, chuma kizito kiwekwe chini, ndoo za saruji zirudi ukutani, na kazi ibaki kwa kamba, kivuli na miguu.